Mwanafunzi wa fildi: mwongozo kwa ofisi ndogo ya usanifu majengo

Ikifika Machi, barua zinaanza kuingia. Nyingine huletwa mkononi na kijana aliyevaa shati la mikono mirefu, bahasha ya kaki kwapani, ambaye tangu asubuhi amekuwa akigonga mageti ya Mikocheni moja baada ya jingine. Nyingine huingia kwenye barua pepe saa saba usiku zikiwa na kiambatisho kizito kisichofunguka. Zote zinaomba kitu kimoja: nafasi ya mafunzo kwa vitendo, wiki nane hivi, kati ya Julai na Septemba.

Wengi wetu tunazijibu kwa mazoea. Tunachukua wawili, mmoja kwa sababu ni mtoto wa rafiki, mwingine kwa sababu alifika siku tuliyozidiwa na kazi. Tunawapa kona iliyo karibu na printa, na Septemba wanaondoka na logubuku, lile daftari la chuo la kuandikia kazi za kila siku, iliyojaa "nilisaidia kuchora". Nimefanya hivyo miaka kadhaa, kwa hiyo simnyooshei mtu kidole. Haya ninayoandika ni yale niliyobadilisha baadaye, na yanaihusu zaidi ofisi ya watu watatu hadi kumi, Dar es Salaam, kwa kuwa ndiyo ninayoijua.

Kumtoa mwanafunzi darasani katikati ya masomo na kumpeleka kazini si jambo geni. Mwaka 1906 Herman Schneider, mwalimu wa uhandisi katika Chuo Kikuu cha Cincinnati nchini Marekani, alianza na wanafunzi 27 waliokuwa wakipokezana, wiki darasani na wiki kiwandani. Chuo Kikuu cha Waterloo cha Kanada kilianza mwaka 1957 kikifuata wazo hilohilo la kupokezana darasa na kazi. Kule mwanafunzi wa usanifu huajiriwa muhula mzima, miezi minne, analipwa, anarudi darasani, kisha anatoka tena. Kenya wana atachimenti yao, ambayo huweza kufika miezi mitatu. Sisi tuna wiki nane. Mwenye miezi minne anaweza kupoteza mwezi akizoea mazingira na asiumie sana. Wewe ukipoteza mwezi, nusu imekwisha. Kwa sababu hiyo kazi kubwa ya kumpokea mwanafunzi iko kabla hajafika.

1. Tafuta msimamizi kabla ya kutafuta meza

Swali la kwanza si kama una nafasi ya kukaa. Ni nani hapo ofisini atakayekaa naye saa moja kila siku kwa wiki mbili za mwanzo, kisha nusu saa kila siku mpaka mwisho. Taja jina. Kama jina halipatikani, au kama ni lako na unajua Julai utakuwa Dodoma kila wiki, andika barua ya kukataa kwa heshima na uitume mapema ili kijana aendelee kutafuta. Kukaa kimya ni vibaya kuliko kukataa.

Msimamizi bora mara nyingi si mwenye ofisi. Ni yule aliyemaliza chuo miaka mitatu au minne iliyopita, ambaye bado anakumbuka asichokuwa anakijua. Sisi wazee tumeshasahau kwamba kuna wakati hatukujua lenta inakaa kozi ya ngapi ya matofali.

Mwanafunzi mmoja kwa msimamizi mmoja. Ofisi ya watu watano ikichukua wanafunzi wanne, imefungua darasa lisilo na mwalimu.

2. Chagua mradi mmoja

Hapa ndipo pa kutulia. Mwanafunzi anayegawiwa vipande, leo choo cha mradi huu, kesho ngazi ya mradi ule, anajifunza amri za programu tu, na hizo anazijua tayari kukushinda. Mpe mradi mmoja autazame kutoka kwenye karatasi mpaka kwenye udongo. Uwe mradi unaojengwa wakati huo, saiti isiwe mbali na ofisi, na uwe mdogo kiasi cha kuweza kuukumbuka wote kichwani: nyumba ya ghorofa moja, madarasa mawili ya shule, zahanati.

Ukiweza, tazama ratiba ya mkandarasi na umlete mwanafunzi karibu na siku ya kumwaga zege la slabu, yaani sakafu ya ghorofani. Nina sababu. Siku ya kumwaga, zege huchotwa na kujazwa kwenye vikombe vya chuma, sentimita 15 kila upande, ndizo kyubu. Baadhi huvunjwa maabara siku ya 7, nyingine siku ya 28, ili kupima nguvu ya zege. Akiwepo slabu inapomwagwa wiki ya pili au ya tatu, atakuwa bado yupo majibu ya siku 28 yakirudi. Ataona namba aliyoisoma darasani ikigeuka karatasi ambayo mkandarasi anaisubiri kwa wasiwasi, na atajua kwa nini nguzo za muda zinazoishikilia slabu kwa chini hazitolewi kwa sababu tu fundi anazitaka kwingine. Somo hilo huwezi kulitengeneza mezani.

Andika kwenye nusu karatasi mambo matatu anayotakiwa awe amemaliza akiondoka. Kwangu kwa kawaida ni jedwali kamili la milango na madirisha ya mradi huo, michoro ya jengo moja lililopo alilolipima mwenyewe, na ripoti fupi ya ziara za saiti. Matatu yanatosha. Niliwahi kuandika tisa, na hakuna hata moja lililokamilika.

3. Andikia chuo, usisubiri kugongewa geti

Kila chuo kinachofundisha fani hii kina mratibu wa mafunzo kwa vitendo katika idara. Kwa Dar es Salaam wa kwanza kumfikiria ni Chuo Kikuu Ardhi, ambacho mizizi yake ni shule ya upimaji ya mwaka 1956, kikawa Chuo cha Ardhi, kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1996, kisha chuo kikuu kamili mwaka 2007. Kuna Mbeya pia, na vyuo vingine. Mwezi Februari au Machi peleka barua ya ukurasa mmoja: sisi ni akina nani, tunahitaji mwanafunzi mmoja au wawili wa mwaka fulani, mradi ni wa aina hii, saiti iko eneo hili, posho ni kiasi hiki.

Mwaka wa masomo usiuchukulie kama jambo dogo. Wa mwaka wa kwanza bado anatakiwa kushika tofali na kuchanganya zege; mpeleke saiti, ofisi haitamfaa wala yeye hataifaa. Wa mwaka wa tatu na kuendelea ndiye wa kukaa kwenye michoro ya ujenzi.

Faida nyingine ya kuandikia chuo ni kwamba maombi yatakuja kumi au kumi na tano, nawe utachagua. Ukisubiri watu wa kujuana, utapata mtoto wa mjomba. Na mtoto wa mjomba siku akichelewa, nani atamgombeza?

4. Soma kazi zake polepole

Potifolio, yaani mikusanyo ya kazi zao, siku hizi zinang'aa. Kuna bwawa la kuogelea, anga la zambarau, mwanamke wa Kizungu anamtembeza mbwa mbele ya nyumba ya Kigamboni. Ruka kurasa hizo. Tafuta seksheni, mchoro unaoonyesha jengo kama limekatwa wima. Je, msingi umeingia ardhini au jengo limekaa juu ya mstari kama kikombe juu ya meza? Paa limeshikwa na nini? Ngazi ina nafasi ya kichwa? Kwenye plani, mlango wa choo ukifunguka unagonga sinki?

Tafuta pia michoro ya mkono, hata ile michafu. Mwenye daftari la kuchora anaweza kukuelewesha jambo saiti kwa kalamu na kipande cha mfuko wa saruji. Asiye nalo atakuambia, "Ngoja nifungue laptopu."

Alama za darasani sizitazami sana. Nimekuwa na mwenye alama za kawaida aliyekuwa macho ya ofisi nzima.

5. Mahojiano ya dakika 40, na tepu

Waite watatu au wanne, si zaidi, na uwarudishie nauli. Mtu katoka Mbagala kwa daladala mbili ili umwone.

Anza na kazi moja aliyoichora mwenyewe. Muulize upepo wa kusi unaingilia wapi kwenye nyumba hii, na unatokea wapi. Muulize ukuta wa magharibi, ule unaopigwa na jua la jioni, ameukinga na nini. Hataki kukosea, kwa hiyo mwache afikiri, usimrukie. Unachotafuta ni kama ana mazoea ya kujiuliza maswali ya namna hiyo. Jibu lenyewe litakuja baadaye.

Kisha mpe tepu ya mita tano na karatasi tupu, umwambie apime chumba mlichokaa. Dakika 20. Toka nje ukanywe chai.

Ukirudi utaona mengi. Kuna anayekimbilia kupima kuta nne na kuanza kuchora vizuri kwa rula. Kuna anayeanza kwa kuchora chumba kizima kwa mkono huria, anaacha nafasi za vipimo, ndipo anapima. Anaandika upana wa dirisha, lakini pia kimo cha kizingiti chake kutoka sakafuni. Anapima unene wa ukuta mlangoni. Mwaka juzi binti mmoja alivuta tepu kutoka pembe hii kwenda pembe ile, kisha akarudia kwa pembe nyingine, akakunja uso, akaandika namba mbili zilizotofautiana kwa sentimita sita. Alikuwa amegundua kitu ambacho sisi tuliokaa mle miaka minane hatukukijua: chumba chetu hakiko mraba, pembe zake zimepinda. Hatukuendelea na mahojiano mengine.

6. Pesa na barua

Mlipe. Najua kuna ofisi zinazosema mafunzo ndiyo malipo, na najua hali zilivyo. Mteja wa Juni analipa Novemba. Lakini nauli haisubiri mteja. Baadhi ya wanafunzi wana fedha za mafunzo kwa vitendo ndani ya mkopo wa Bodi ya Mikopo, wengine hawana mkopo kabisa, na huwezi kujua nani ni nani kwa kumtazama shati. Kiasi cha chini kabisa kiwe nauli ya kwenda na kurudi, na chakula cha mchana. Kama anachora michoro utakayomtoza mteja, ongeza. Nusu ya tatizo ni siku ya kulipa: lipa kila Ijumaa, si mwisho wa mwezi, maana mwanafunzi hana akiba ya kumfikisha tarehe 30.

Usimalizane naye kwa mdomo. Barua fupi inatosha, na kwa Kiswahili inaeleweka vizuri tu:

"Ofisi inakubali kumpokea ndugu ......, mwanafunzi wa mwaka wa ...... wa usanifu majengo, kwa mafunzo ya vitendo kuanzia tarehe ...... hadi ....... Msimamizi wake ni ....... Saa za kazi ni saa 2:30 asubuhi hadi saa 10:30 jioni, Jumatatu hadi Ijumaa. Ofisi itampa posho ya shilingi ...... kila Ijumaa, pamoja na gharama za safari zote za saiti. Vifaa vya usalama vitatolewa na ofisi. Mwanafunzi hatatoa nje ya ofisi michoro wala taarifa za mteja bila ruhusa ya maandishi. Kazi alizoshiriki ataruhusiwa kuziweka kwenye potifolio yake baada ya ofisi kuondoa jina la mteja na mahali ulipo mradi, na kwa kueleza sehemu aliyofanya yeye. Ofisi itajaza na kusaini logubuku kila wiki."

Sehemu ya potifolio usiifute. Mwanafunzi amekuja kutafuta hiyo kama ulivyomtafuta wewe.

Bima iulizie mapema. Waulize chuo kama mwanafunzi ana bima ya ajali akiwa fildi, muulize wakala wako wa bima kama anaweza kuongezwa kwenye yako, na uandikie Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi kuwauliza mwanafunzi anayelipwa posho anahesabiwaje. Ubao ukimwangukia mtu kutoka ghorofani hauulizi kama ni mwajiriwa.

7. Kompyuta yake na yako

Hili lilitugharimu, kwa hiyo nalieleza kwa urefu kidogo.

Wanafunzi huja na laptopu zao zenye programu za kuchorea za toleo la elimu. Toleo hilo ni bure au karibu na bure kwa sharti kwamba lisitumike kwa kazi ya kulipwa. AutoCAD na Revit ziko hivyo, ArchiCAD nayo iko hivyo. Kwa ArchiCAD kuna jambo la ziada: faili likiguswa na toleo la elimu hubeba alama, na alama hiyo hulifuata mpaka kwenye kompyuta iliyolipiwa. Mwaka wa kwanza tulipochukua wanafunzi hatukulijua hilo. Kijana alikwenda nayo kazi nyumbani Ijumaa ili asaidie, Jumatatu akairudisha kwa flashi, sote tukafurahi. Asubuhi ya kupeleka michoro manispaa, karatasi za A1 zikaanza kutoka kwenye plota zikiwa na maandishi ya toleo la elimu juu yake. Tulirudi kwenye nakala ya Alhamisi na kuchora upya kwa siku mbili. Kijana hakuwa na kosa. Hakuna aliyekuwa amemwambia.

Basi mpe kompyuta ya ofisi yenye leseni ya ofisi. Kama huna ya ziada, mpe kazi zisizohitaji programu hiyo: kupima, majedwali, ripoti, modeli ya kadibodi. Laptopu yake ibaki ya kazi zake. Mwonyeshe siku ya kwanza faili zinaitwaje, zinakaa wapi na nakala inachukuliwa saa ngapi. Jina kama "plani mpya mwisho kabisa 2" lisionekane ofisini, na kusema kweli wanaoliandika si wanafunzi peke yao.

8. Wiki ya kwanza

Usimpe kuchora.

Jumatatu mtambulishe kwa kila mtu, kuanzia mhasibu hadi mlinzi, kisha mpe seti nzima ya michoro ya mradi wake, iliyochapishwa, na kalamu nyekundu. Aisome siku mbili. Kazi yake ni kutafuta mahali plani na seksheni hazisemi neno moja. Atazipata, maana zipo kila mara. Tumewahi kuonyeshwa dirisha lililokuwa na upana wa milimita 1500 kwenye plani na 1200 kwenye elevesheni, mchoro wa sura ya nje, mradi ukiwa tayari umeshaombewa kibali. Anayezipata anajifunza kusoma michoro ya ujenzi, nawe unapata mkaguzi.

Jumatano aanze jedwali la milango na madirisha. Wengi huliona kazi ya kitoto, lakini ndani yake mna kila kitu: vipimo, upande wa bawaba, aina ya mbao, kioo, nyavu za mbu, vitasa, na idadi ambayo mkadiriaji ataitumia kupiga hesabu. Mlango mmoja ukisahaulika kwenye jedwali, mwenye nyumba ndiye atakayeulizia siku ya kuhamia.

Ijumaa mkae naye nusu saa. Muulize amekwama wapi. Jibu la kwanza litakuwa "hakuna, bosi". Uliza tena, kwa njia nyingine, mkitazama mchoro.

9. Saiti

Kofia ngumu, buti zenye chuma mbele, kizibao cha rangi. Nunua wewe, pima na saizi ya miguu. Kuna binti aliwahi kupewa buti namba 44 akatembea nazo siku nzima kama anayevuka tope. Kwa wasichana hakikisha saiti ina choo kinachofungika kwa ndani, na usimwache akarudi peke yake usiku kwa sababu zege lilichelewa. Mwambie waziwazi, mbele ya msimamizi wa mkandarasi, ampigie nani mtu yeyote akimsumbua kwa maneno au kwa mikono. Kusema mbele ya yule msimamizi kunasaidia pande zote mbili.

Mwambie pia kabla hajafika: wewe si wa kutoa maelekezo hapa. Mwanafunzi anaona, anapima, anaandika, anamwambia msimamizi wake. Maelekezo kwa mkandarasi hutoka kwa msanifu au mhandisi, kwa maandishi, kwenye kitabu cha saiti. Fundi akibomoa ukuta kwa sababu "yule kijana wa ofisini alisema", gharama ni yako.

Nitatoa mfano wa jinsi inavyokwenda ikienda vizuri. Ilikuwa siku moja kabla ya zege. Mwanafunzi wetu alipanda juu, akamwamkia fundi mkuu wa nondo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, injinia." Saiti kila aliyevaa kofia ngumu ni injinia, usihangaike kumsahihisha mtu.

Akapiga goti, akaweka tepu juu ya ringi za bimu, vile vitanzi vya chuma vinavyozifunga nondo. "Mzee, mchoro unasema ringi kila milimita 150. Hapa mimi napata 200."

"Sentimita tano tu mwanangu. Zege litafunika."

Hakubishana. Aliacha tepu ilipo, akapiga picha inayoonyesha namba, akaandika kwenye daftari: bimu ya mstari C, kati ya 2 na 3, saa 4:20. Akashuka, akampigia msimamizi wake. Mhandisi wa miundo alifika mchana, ringi zikaongezwa mpaka jioni, na zege likamwagwa kesho yake kama lilivyopangwa. Yule mzee baadaye ndiye aliyemfundisha kukunja nondo kwa mkono, na kwa nini biskuti za zege huwekwa chini ya nondo ili zisilale kwenye mbao.

Muda kama huo ndio unaostahili kujaza logubuku. "Nilitembelea saiti" haimwambii mwalimu kitu.

10. Muhuri, na ramani za mtandaoni

Mwanafunzi si msanifu aliyesajiliwa. Kwa sheria ya mwaka 2010, anayesaini na kugonga muhuri ni aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, na akisaini amechukua dhamana ya kila mstari, aliouchora yeye au aliouchora mtoto wa mwaka wa tatu. Muhuri ufungiwe kabatini. Kila karatasi iliyochorwa na mwanafunzi isomwe na mtu mwingine kwa kalamu nyekundu kabla haijatoka.

Kuna jambo ambalo wenye ofisi hatupendi kulitaja. Vijana wengi siku hizi wana ukurasa wa kuuza ramani mtandaoni, vyumba vitatu na sebule, bei ya kutupa. Ukijifanya huoni, utakuja kuikuta plani ya mteja wako imegeuzwa kushoto kulia, kama kwenye kioo, na inauzwa. Zungumza naye wiki ya kwanza, bila vitisho: jina la ofisi lisitumike, michoro ya ofisi isitumike, na asimpe mtu mchoro wa kujengea wakati hana wa kumsimamia. Ukimweleza nani anashtakiwa paa likidondoka, huwa anasikiliza.

11. Logubuku, mwalimu na siku ya mwisho

Saini logubuku kila Ijumaa, kabla ya posho. Ikiachwa mpaka wiki ya nane, msimamizi atasaini kurasa 40 bila kusoma na mwanafunzi atakuwa amezibuni nusu yake.

Mwalimu wa chuo atakuja kukagua, mara nyingi mara moja na mara nyingi bila taarifa ndefu. Usimwandalie sherehe. Mpe kiti karibu na meza ya mwanafunzi na umwache mwanafunzi aeleze mradi. Kama kuna udhaifu, useme hapohapo mbele ya wote watatu, ukiwa na mfano mkononi. Fomu ya tathmini inayompa kila mtu alama za juu kabisa haimsaidii hata aliyezistahili, maana mwalimu ameshaziona nyingi.

Wiki ya nane asianze kitu kipya. Afunge jedwali, aweke faili mahali pake, amweleze mtu wa ofisini kila kitu ambacho hakijakwisha. Siku ya mwisho atoe maelezo ya dakika 15 kwa ofisi nzima, mradi wake ukiwa umebandikwa ukutani. Mwandikie barua inayotaja alichofanya kwa jina lake: alipima, alitengeneza jedwali, aligundua ringi. "Ni kijana mwenye bidii" inaandikwa kwa kila mtu.

Chukua namba yake ya simu ya kudumu, maana za wanafunzi hubadilika kila laini mpya ikitoka na ofa. Kama zile kyubu za siku 28 bado hazijarudi kutoka maabara, mtumie majibu yakifika.